Kuhesabiwa Pumzi

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1996. Mvua ilikuwa imenyesha Homa Bay tangu jioni, ikakoma kabla ya kupambazuka, na asubuhi hiyo ukungu mzito ulikuwa umekikalia kilima cha Asego hata kilele chake hakikuonekana. Mabati ya hospitali ya misheni yalikuwa bado yakidondosha maji. Pauline alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mumewe akimmenyea ndizi, wakati kijana mmoja mwenye koti jeupe alipovuta kigoda, akaketi upande wa pili, akaitazama saa yake ya mkononi, akanyamaza.

Pauline alidhani kijana anaomba. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sala, kwa hiyo akafumba macho amwunge mkono. Alipoona kimya kinazidi urefu, alifumbua jicho moja. Kijana hakuwa anaomba. Macho yake yalikuwa yakitoka kwenye saa na kwenda kwenye kifua cha Elkana, na kila kifua kilipopanda, midomo yake ilitikisika kidogo.

Anahesabu, Pauline akajiambia. Ndizi ikamponyoka.

Huko kwao Kadem, upande wa Migori unaoelekea ziwani, Pauline alilelewa na bibi yake, ambaye wote walimwita Dani, kama mabibi wanavyoitwa kwa Kijaluo. Dani alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemwonea wivu. Mtu alipozidiwa kijijini, aliitwa yeye. Aliketi kando ya kitanda na kibuyu cha maharagwe, na kila mgonjwa alipovuta pumzi, Dani alichukua haragwe moja akaliweka chini mbele yake. Saa hakuwa nayo. Wanawake waliokaa nje waliimba wimbo wa kanisani polepole, na walipofika mwisho, Dani alilitazama lile fungu. Fungu likiwa kubwa, alisema, ngojeni. Fungu likianza kupungua, wimbo baada ya wimbo, na nafasi kati ya haragwe na haragwe ikirefuka, alisema, waiteni watoto wake. Hakuwahi kukosea. Aliyemshikia kibuyu alikuwa Pauline, msichana wa miaka minane. Alijifunza kuhesabu hapo, kabla hajauona ubao wa shule. Maharagwe yale hayakuwahi kupikwa.

Ndiyo maana ndizi ilimponyoka alipoiona midomo ya yule kijana ikienda.

"Thelathini na nne," kijana alisema, akaandika kwenye faili. "Mama, mumeo anapumua mara thelathini na nne kwa dakika. Kesho nitamtembeza, nione." Muuguzi akamwita kutoka wodi ya pili, naye akaondoka kabla Pauline hajauliza lolote.

Elkana alikuwa amelala macho wazi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameponda mawe ya dhahabu kwenye mashimo ya Migori, akivuta vumbi lake, kisha kifua kikuu kikamkuta humo humo. Alikuwa amemeza dawa miezi minane bila kukosa siku. Makohozi yalipimwa yakaonekana safi, daktari wa Migori akampa mkono na kumwambia amepona. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka kitandani hadi chooni palikuwa safari. Ndipo wakatumwa hapa Homa Bay, na hii ilikuwa siku yao ya nne.

"Yule alikuwa anataka nini?" Elkana aliuliza.

"Alikuwa anakusalimu tu, Baba James," Pauline alijibu, akainama kuitafuta ile ndizi ili asionekane uso.

Saa mbili asubuhi hiyo Risper alipita kuwaona. Risper alikuwa jirani yao wa nyumbani, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na baada ya kumaliza magunia yake sokoni alikuwa anarudi Migori siku hiyo hiyo. Pauline alimsindikiza hadi langoni, wakasimama chini ya ukuta uliolowa.

"Mwambie shemeji aje," Pauline alisema. Shemeji yake alikuwa Wangwe, kaka mkubwa wa Elkana. "Mwambie aje na gari. Wameanza kuhesabu."

Risper alimjua Dani. Hakuuliza wanahesabu nini. "Wamepata ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Hiyo si ni nyingi? Dani angesema ngojeni."

"Dani hakuwa na koti jeupe, Risper. Huyu hata hakunitazama usoni."

Risper akakaza leso kiunoni, akaenda. Alikuwa mtu wa miguu myepesi, na neno akipewa halikulala njiani.

Kesho yake, baada ya uji, ndipo Pauline alipoelezwa. Yule kijana aliitwa Momanyi. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia wagonjwa nguvu kwa mazoezi, na wodi nzima ilimwita daktari wa kutembea. Mwaka uliotangulia alikuwa amepelekwa masomoni Nairobi, akarudi na mambo mapya. Zamani, alisema, mgonjwa wa kifua aliwekewa kipimo kifuani, daktari akasikiliza, akasema afadhali au akasema vibaya, basi. Sasa walitaka kujua zaidi ya hapo. Mtu anaweza kufanya nini na pumzi aliyobaki nayo?

Alikuwa amepanga makopo mawili ya rangi kwenye varanda ndefu ya wodi, moja kila mwisho, hatua nyingi kati yake. Mgonjwa angetembea kutoka kopo hadi kopo kwa dakika sita. Angeweza kupumzika akichoka, ila saa isingesimama. Momanyi angeandika chaki ukutani kila mzunguko. Halafu palikuwa na kibomba cha plastiki chenye kishale, ambacho mtu alipuliza kwa nguvu zake zote na kishale kikaruka. Na palikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye namba kutoka sifuri hadi kumi. Sifuri ilikuwa mtu anayepumua bila taabu yoyote. Kumi ilikuwa mtu asiyeweza hata kusema.

"Na ile ya jana?" Pauline aliuliza. "Kuhesabu?"

"Nahesabu kabla hajatembea, na nahesabu baada. Nataka kuona zinapanda kiasi gani, na zinachukua muda gani kushuka." Alimtazama. "Ulifikiri nini, mama?"

Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa kwenye benchi na kibomba mkononi alicheka hadi akakohoa. Aliitwa Kaltum, mke wa mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, na pumu ilikuwa imemlaza hapo mara tatu mwaka huo.

"Alifikiri kaburi," Kaltum alisema. "Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilisoma shahada yangu kimoyomoyo. Aliponiuliza namba, nikamwambia kumi na moja. Akasema haipo. Nikamwambia basi iongeze, karatasi ni yako."

Elkana alitembea. Alishika ukuta mara tatu, na mara ya tatu Pauline aliona midomo yake imegeuka rangi ya majivu. Mizunguko ilikuwa minne tu. Momanyi alimketisha, akamwonyesha ile karatasi.

"Namba gani, mzee?"

"Mbili," Elkana alisema, baada ya kuivuta ile mbili kutoka mbali.

"Mbili," Kaltum alirudia. "Huyu akizama ziwani atasema amelowa kidogo."

Pumzi zake zilikuwa arobaini na mbili, na zilichukua dakika tisa kurudi pale zilipoanzia. Pauline alizihesabu dakika hizo zote tisa kwenye saa ya ukutani. Kusoma saa alikuwa amejifunza hivi karibuni, kwenye darasa la ngumbaru linalofanyika jioni kanisani kwao Migori, na alikuwa amejivunia sana. Sasa alitamani asingeijua.

Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa ameelewa. Hawamhesabu ili wajue lini atakufa. Wanamhesabu ili wajue wamfanyie nini. Na ujumbe wake ulikuwa umekwisha kwenda.

Alhamisi alimtafuta mtu wa kuutangua. Alimpata Jared, dereva wa lori lililobeba samaki kutoka Muhuru Bay, aliyekuwa ameleta mzigo Homa Bay na alikuwa anarudi kwa njia ya Migori. Jared aliijua nyumba ya Wangwe.

"Mwambie asije," Pauline alisema dirishani mwa lori. "Mwambie Elkana ana nafuu. Hakuna haraka yoyote."

Jared alimtazama kwa muda. Kisha akavua kofia yake, akaiweka kifuani.

"Pole sana, mama," alisema. "Nitafikisha."

Lori liliondoka. Pauline alikuwa amefika katikati ya uwanja wa hospitali alipoelewa ile kofia, akasimama chini ya mti wa msonobari. Baba yake mwenyewe alipokufa Kisumu, aliletewa habari vipi? Aliambiwa, mzee ana nafuu, hakuna haraka, lakini njoo na blanketi. Kwao hakuna aliyempigia mtu habari ya msiba usoni. Ilifunikwa, ikabebwa taratibu, ikafunuliwa nyumbani watu wakiwa wameketi. Kwanza aliagiza gari. Sasa amesema ana nafuu, wasije. Nani huko Migori angesikia hivyo akadhani Elkana yu hai?

Tangu siku hiyo aliogopa injini. Gari lilipopanda mlima wa hospitali, mikono yake iliacha kazi yoyote iliyokuwa ikifanya. Mungu wangu, aliomba huku akifua, akiomba huku akipanga foleni ya uji, niliita kwa hofu, nikazuia kwa pupa. Nirudishie maneno yangu yote mawili.

Hakumwambia Elkana. Angemwambiaje? Na Elkana alikuwa anafanya kazi. Kila asubuhi Momanyi alimfundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyobanwa, polepole, kama mtu anayepoza uji. Alimfundisha kutoa hewa anapoinuka, si kuizuia. Alimpandisha ngazi mbili, kisha tatu. Jumatatu ikafika pumzi zake akiwa amekaa ni ishirini na sita, na akala ugali wote.

"Mama James, njoo uhesabu wewe," Momanyi alisema siku hiyo. "Mkienda nyumbani mimi sitakuwepo."

"Mimi hapana," Pauline alisema.

"Unajua namba."

"Najua. Ndiyo sababu hapana."

Momanyi hakumlazimisha. Elkana aliyekuwa akisikiliza alitabasamu tu. Alikuwa ameoa kwa Dani, aliyajua yale maharagwe.

Jumatano tarehe 22, saa nne, pikapu ya bluu iliingia langoni polepole, taa zikiwaka mchana. Nyuma walisimama wanawake watano, leso wamejifunga kichwani, na vilio vya msiba vilikuwa vimekwisha kuanza. Mbele alishuka Wangwe, mtu mrefu mwenye miwani, na wazee wawili wa ukoo. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti na uzi.

Elkana alikuwa kwenye benchi ya varanda akipuliza kibomba. Alikiondoa mdomoni, akawatazama.

"Karibuni," alisema. "Nani amekufa?"

Kilio kilikatika katikati, kama redio iliyozimwa. Risper alikuwa mmoja wa wale wanawake. Alishuka garini akaja, akamgusa Elkana bega kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole haraka. Gazeti lile lilikuwa limechanika pembeni, na kila mtu aliona kitambaa cheusi kipya na kifungo kinachong'aa. Ilikuwa suti.

Wangwe hakumsalimia mdogo wake. Alimgeukia Pauline.

"Nyar Kadem," alisema, akimwita binti wa Kadem kama alivyomwita siku zote. "Wewe umenifanyia nini?"

"Shemeji, nilikosea. Nilituma la kwanza kwa hofu, la pili nikalituma vibaya."

"Nilikuwa kisiwani Remba. Niliacha nyavu ndani ya maji. Nimekuja na wazee, nimekuja na mama zake wadogo. Watu wameketi nyumbani, moto wa msiba umewashwa uwanjani."

"Si uzimwe," Kaltum alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe mama wa nguo, nyamaza kidogo," Wangwe alisema, bila hasira. Alikuwa anamtazama Elkana sasa, na aliona mifupa ya shingo, na mabega yaliyopanda kila alipovuta hewa. Uso wake ulibadilika. "Hata hivyo hiyo gari haiwezi kurudi bure. Tutaenda naye."

"Hajamaliza," Momanyi alisema. "Amebakiza wiki tano."

"Daktari, mimi si mtu mbaya. Lakini sikiliza. Tulikuwa watatu. Walter, mdogo wetu wa mwisho, alizama karibu na Remba, mwaka wa themanini na saba. Hatukumpata. Unajua tulizika nini? Tulizika tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, tukalivika shati lake. Mama yetu alililia tunda. Huyu nikimwacha mahali pa watu, halafu aishie hapo, mimi ndiye nitakayeulizwa. Afadhali aende akiwa hai, alale kwake, kama ni kufa afie kwake."

Hata Kaltum alikuwa ametazama chini. Pauline aliona wazi kwamba Wangwe anaogopa kama yeye, pengine kumzidi, na hilo lilimtisha kuliko ukali wake. Mtu mwenye hasira unaweza kumngoja apoe.

"Leo ni siku yake ya kutembea," Momanyi alisema hatimaye. "Dakika sita. Tazama kwanza, kisha useme."

Wangwe aliwatazama wazee. Mzee mmoja akainua mkono kidogo, maana yake, na iwe.

Momanyi alimhesabu Elkana, ishirini na sita, akamweka penye kopo la kwanza. "Mwendo wako ule ule, mzee. Hushindani na mtu."

Lakini Elkana alikuwa ameiona suti. Kaka yake mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, na wazee, na mama zake wadogo. Saa ilipoanza, alitoka kama kijana anayeitwa na mchumba. Hakubana midomo. Hakupoza uji wowote. Mzunguko wa kwanza, wa pili, chaki ikagonga ukuta, na wanawake wakaanza kunong'ona kwa furaha.

"Punguza," Momanyi alisema.

Wa tatu. Wa nne. Pauline alisikia mlio kabla ya kuona kitu, mlio kama wa msumeno kwenye ubao mbichi, ukitoka katika kifua cha mumewe. Dakika ya tatu ilikuwa haijatimia. Elkana alinyoosha mkono kuutafuta ukuta, akaukosa, akaenda chini kwa magoti.

Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Momanyi alikuwa amekwisha mfikia, amemketisha akiegemea kifua chake mwenyewe, amemwinamisha mbele, mikono juu ya mapaja. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

"Bana midomo, mzee. Toa. Toa kwanza. Mama James, hesabu."

Pauline hakusogea.

"Mama James. Saa iko mkononi mwangu, siwezi kuitazama. Chukua. Weka mkono mgongoni mwake, uhesabu."

Saa hiyo ya plastiki ilikuwa na jasho la mtu mwingine. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kiganja chake kwenye mgongo wa mume wake, na mgongo ulikuwa unaruka kama samaki aliyemwagwa kwenye mtumbwi. Akahesabu. Hapakuwa na haragwe. Hapakuwa na wimbo.

"Arobaini na sita," alisema dakika ilipoisha.

"Endelea."

"Thelathini na nane."

Nyuma yake alisikia Risper akivuta hewa. "Zinashuka," Risper aliwaambia wenzake kwa sauti ndogo. "Dani alisema zikianza kushuka."

Alikuwa amesema. Pauline alimsikia hata sasa, sauti yake ya tumbaku ikisema, waiteni watoto wake, na watoto wa huyu ni James peke yake, na James yuko shuleni Migori ameketi darasani hajui. Aliendelea kuhesabu kwa sababu hakujua namna ya kuacha.

"Thelathini na moja."

Wangwe alivua miwani. Mzee mmoja alivua kofia.

Bwana, nishike mkono huu, Pauline aliomba, usitetemeke nikapoteza hesabu. Dakika ya nne ilikuwa ndefu kuliko zote. Alikuwa akiingojea ile nafasi. Aliijua. Ilikuja siku zote, ile nafasi baada ya haragwe moja, ambapo mkono wa Dani ulisimama hewani na chumba kizima kikaungoja. Aliingojea baada ya pumzi ya kumi, na baada ya ya kumi na tano. Pumzi zikaja moja moja, sawasawa, hakuna iliyochelewa kuliko nyingine, kama hatua za mtu aliyeshuka mlima akafika penye tambarare.

"Ishirini na sita," alisema. Akarudia ili wazee wasikie. "Ishirini na sita."

"Moja tena."

"Ishirini na sita."

Momanyi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye naye alikuwa ameogopa. "Mzee, umetembea vibaya kuliko wiki iliyopita. Umetembea kama mwizi." Alimtazama Wangwe kwa juu ya kichwa cha Elkana. "Lakini tazama. Wiki iliyopita zilipanda arobaini na mbili, zikachukua dakika tisa kurudi. Leo zimepanda zaidi, zimerudi kwa nne. Hicho ndicho ninachopima. Pumzi inayojua njia ya kurudi."

"Kwa hiyo hatakufa?" Wangwe aliuliza.

"Hilo siwezi kukuahidi. Mapafu yake yana makovu, hayataondoka. Naweza kukuambia anapata nguvu."

"Unaona? Hata yeye hawezi." Wangwe aliwageukia wazee, akilikumbatia lile gazeti. "Na anguko hili likimpata usiku?"

Elkana aliinua kichwa. Momanyi akamwonyesha karatasi ya ukutani kwa kidevu. "Namba?"

Elkana alimtazama mkewe. "Tisa," alisema. "Ilikuwa tisa. Sasa ni tatu." Akapumzika kidogo. "Ile siku nyingine pia ilikuwa tisa."

"Alhamdulillahi, leo amesema kweli," Kaltum alisema.

"Kaka, hilo koti nipe. Jasho limenipoa, nasikia baridi," Elkana alisema.

Hakuna aliyesogea. Koti la kuzikia halivaliwi na mtu anayeweza kufunga vifungo vyake. Mama mmoja alitikisa kichwa mara nyingi mfululizo. Mwishowe Pauline aliinuka, akaliondoa gazeti mikononi mwa shemeji yake, akaukata uzi kwa meno. Akamvika mumewe lile koti pale sakafuni. Mikono ilikuwa mirefu. Walikuwa wamenunua kwa kukumbuka mwili wake wa zamani.

"Nyar Kadem," Wangwe alisema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, "mimi nitasema nini nyumbani? Nikiulizwa ni nani aliyemwacha hapa, nitamtaja nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Momanyi hakuweza kulijibu, wala karatasi ya ukutani. Pauline aliwatazama mmoja mmoja: wazee wawili, Risper, mama zake Elkana, Kaltum aliyekuwa amesimama bila kujijua, muuguzi mlangoni na sinia ya dawa. Kuahidi mbele ya watu hawa hakukuwa kama kuahidi peke yako ukifua nguo. Elkana akifa hapa, jina la Pauline lingetajwa kwenye matanga yote kutoka Kadem hadi Suna mpaka azeeke. Alihisi hofu ileile ya Jumanne. Haikuwa imepungua hata kidogo. Akasimama nayo, saa ya Momanyi ikiwa bado kwenye kiganja chake.

"Nitaje mimi," alisema. "Wazee, mnisikie, na wewe Risper usikie vizuri, maana ni wewe utakayelibeba. Mimi Pauline ndiye niliyemwacha hapa. Akifia hapa, msimuulize Wangwe, msimuulize daktari, mniulize mimi, nami nitasimama uwanjani nijibu. Wiki tano atakaa. Kila asubuhi nitazihesabu pumzi zake kwa mkono wangu, na tukirudi nyumbani nitazihesabu huko, iwe zinapanda au zinashuka, sitafumba macho tena. Na siku ya kutoka, ataingia kwenye hiyo gari kwa miguu yake, akiwa amevaa koti hili. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote."